Nyangumi wa Jikoni kwa Mama Kabula

Siku ya kuniaga, vijana wa idara mlinipa saa ya ukutani, blanketi na ombi. Saa imetundikwa, blanketi amelitwaa mke wangu Mama Holo, na ombi ndilo hili ninalolitekeleza. Mlisema niandike yale ambayo hamtayakuta kwenye majalada. Kuhusu kupandishwa vyeo na mshahara sitaandika, kwa sababu vya kwanza vilikuwa adimu na wa pili ulikuwa haba, na anayetaka kuhuzunika anaweza kutazama hati yake mwenyewe ya malipo.

Mimi nilikuwa mchoraji. Kwenye karatasi niliitwa afisa wa elimu kwa umma, jina refu ambalo maana yake ni kwamba mtaalamu anajua jambo, wananchi hawalijui, na mimi nimesimamishwa katikati nikiwa na brashi. Wananchi wakielewa, sifa ni za mtaalamu. Wasipoelewa, mchoro ulikuwa mbaya. Ukishaikubali hesabu hiyo, kazi ni nzuri sana.

Nilianzia Shinyanga mjini. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe kwa kuwa niliambiwa ni kazi ya ofisini. Aliyenipokea ni Mzee Bundala, mtu mfupi aliyekuwa amechora vibao vya maduka ya Wahindi mtaa mzima kabla serikali haijamchukua. Alilitazama lile shati, akachovya kidole kwenye kopo la rangi nyekundu, akanipaka mfukoni.

"Sasa umeajiriwa," akasema. "Kesho njoo na la rangi ya udongo."

Mzee Bundala ndiye aliyenifundisha kila kitu, na mengi aliyafundisha kwa matusi ambayo sitayarudia. Alinifundisha kutengeneza brashi kwa nywele za mkia wa ng'ombe, kwa sababu za dukani zilikuwa zinanyonyoka na kuacha ndevu kwenye nyuso za watu uliowachora. Alinifundisha kupiga mstari mnyoofu kwa uzi uliopakwa chokaa. Alinifundisha pia habari za maisha ya bango. Bango la kitambaa unalifunga Jumatatu, Jumamosi unaliona limekuwa pazia. La mbao ni chakula cha mchwa. La bati hudumu mpaka siku ambayo mtu mwenye paa linalovuja atapita hapo.

Na alinipa sheria yake moja kubwa. "Maduhu," alisema, "hapa kwetu mtu akipita na baiskeli hasimami kwa ajili ya maneno. Anasimama kumtazama ng'ombe. Akishasimama, maneno yatamkuta hapo hapo." Kwa hiyo mabango yetu yote yalikuwa na ng'ombe. Chanjo ya watoto, ng'ombe yupo nyuma ya mama. Uchaguzi, ng'ombe anapita mbele ya kituo. Wakubwa waliokuja kukagua waliuliza ng'ombe anafanya nini kwenye bango la kifua kikuu, na Mzee Bundala aliwajibu kwamba anasubiri mwenye kukohoa apone.

Makosa niliyafanya mengi. Katika mwaka wangu wa kwanza nilitumwa kuchora choo bora. Nilikichora kwa mapenzi yangu yote, kina mlango wa bluu, bati linang'aa, maua pembeni. Tulipokwenda kijijini kuona kama ujumbe umefika, tulikuta wazee wamekaa kutusubiri. Walitaka kujua hiyo nyumba ya mwalimu itajengwa lini. Mzee Bundala alicheka njia nzima mpaka Shinyanga, kisha akaniambia nichore upya na safari hii nimweke mtu anafunga suruali.

Mzee Bundala alifariki mimi nikiwa nimeshahamishiwa upande wa Geita. Nilirithi brashi zake na ile sheria ya ng'ombe. Geita nilikuta wananchi wa aina nyingine, watu waliotoka kila pembe kufuata dhahabu, wanaolala mchana na kuhama bila kuaga. Kuwachorea hao kulitaka haraka, maana kabla rangi haijakauka mtaa mzima umehamia shimo jipya. Nilichora kofia ngumu, nilichora mashimo yanayobomoka, nilichora kondomu kubwa ambayo padri mmoja alikataa kuipita bila kugeuza uso. Huko ndiko nilikokutana na bahari.

Naomba msicheke bado. Miaka michache kabla sijastaafu, ulikuja mradi ulioitwa Bahari Mlangoni. Wenye mradi walikuwa wamegundua kwamba sanaa na sayansi zikioana, wananchi wataipenda bahari, na kwamba wanaoishi mbali nayo ndio wanaohitaji kupendeshwa zaidi. Sisi, ambao kiangazi tunagombea maji na ng'ombe kwenye lambo, tukaonekana tunafaa kabisa.

Mratibu wa mradi alikuwa Bwana Fadhili, kijana mtanashati kutoka pwani, mwenye miwani iliyokaa zaidi juu ya nywele kuliko juu ya macho. Alichelewa kuripoti kwetu kwa sababu alipitia Isaka kwanza. Kwenye mpango kazi wake bandari kavu ya Isaka ilikuwa imeandikwa kuwa bandari tu, naye akateremka na koti lake la kuzuia upepo wa bahari, akakuta malori, makontena na mama lishe wanaouza ubwabwa. Alipiga picha hivyo hivyo.

Upande wa sayansi alipewa Neema, mtaalamu wetu wa maabara ya maji. Neema ni binti wa Ushirombo, mtoto wa wakulima, Mkatoliki wa kusali rozari garini wakati dereva analipita lori kwenye kona. Alikuwa na mikono midogo na msimamo mkubwa. Upande wa sanaa nilipewa mimi. Bwana Fadhili akaniuliza uzoefu wangu wa bahari ni upi. Nikamwambia nimewahi kula dagaa wa Zanzibar.

Kweli, sikuwa nimeiona bahari. Niliichora kwa kuulizauliza, na kwa bluu yote iliyokuwepo dukani kwa Bwana Karim, ambayo ni ile inayopakwa milango ya shule. Nilichora bango refu la mabati yaliyounganishwa, na katikati nikaweka nyangumi, bluu nzito mgongoni na tumbo jeupe safi. Nilikuwa nimempa magamba kama sato. Neema alipita, akasimama, akashika kiuno.

"Shikamoo Mzee Maduhu. Huyo nani?"

"Marahaba. Nyangumi."

"Nyangumi hana magamba, mzee. Si samaki. Anapumua hewa kama wewe, anazaa, ananyonyesha."

"Ananyonyesha humo humo majini?"

"Humo humo."

Nikafuta magamba siku nzima. Nilipomaliza nikarudi nyuma kulitazama bango, nikaona linakosa kitu, nikamweka ng'ombe ufukweni. Ng'ombe mzuri, mwenye nundu na pembe za kupinda, anaitazama bahari kama anayefikiria kuinunua. Bwana Fadhili alisema hakubaliani naye kisayansi. Nilimwambia rangi imeshakauka.

Sasa niwaambie kilichokuwa kinamkera Neema, kwa sababu ndicho kiini cha habari hii. Kwenye kijitabu cha mradi, ukurasa wa samaki, kuliandikwa kwamba wajawazito wajihadhari na baadhi ya samaki wakubwa wa baharini kwa kuwa wana zebaki. Mnajua zebaki. Wachimbaji wetu wadogo wanaichanganya na mchanga uliosagwa, inashika dhahabu, wanapata kidonge cheupe kama risasi, kisha wanakichoma moto. Zebaki inapaa na moshi, dhahabu inabaki. Neema alimfungulia Bwana Fadhili ule ukurasa akamwambia kwamba zebaki ya samaki wa baharini, sehemu yake, inaanzia huku. Inapaa kutoka kwenye majiko ya watu, inashuka na mvua, inaingia kwenye maji, na maji hayana subira, yanakwenda. Akamwomba mradi uzungumzie hilo, maana ndiyo bahari pekee iliyopo mlangoni kweli.

Bwana Fadhili alimsikiliza kwa adabu. Akasema hoja ni nzuri sana, ila zebaki ni ya mradi mwingine, na mfadhili wa huu anapenda kasa.

Kasa tukawa nao. Fulana za kasa zililetwa marobota, zote za ukubwa mmoja, ukubwa wa mtu ambaye haishi kwetu. Mpaka leo ukipita kwenye mialo, yale mabwawa ya kuoshea mchanga wa dhahabu, utawaona akina mama wamevaa kasa mpaka magotini, wamezama kwenye tope.

Uzinduzi ulifanyika kwenye uwanja wa mnada wa kijiji kimoja cha wachimbaji ambacho sitakitaja. Ili kuvuta watu, zilialikwa ngoma mbili, na hapo Bwana Fadhili akaingia asikokujua. Kwetu ngoma ni mashindano. Kuna Wagika na Wagalu, vyama vya tangu mababu, na wanapocheza hawapokezani jukwaa. Wanapiga kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, huyu huku na yule kule, na watu wanakimbilia upande unaowakonga nyoyo. Jioni hakuna haja ya majaji. Upande wenye vumbi jingi ndio ulioshinda. Kila upande una manju wake, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, na kila manju ana dawa yake ya kuvuta watu, na kila manju anaamini mwenzake ana dawa ya kumharibia.

Manju wa Wagalu alikuwa Mama Kabula, mmoja wa wanawake wachache waliowahi kushika nafasi hiyo. Mwanamke mrefu, sauti yake ilikuwa inasikika ng'ambo ya bonde. Manju wa Wagika alikuwa Mzee Ngasa, mnene, mchekeshaji, aliyecheza na kibuyu kichwani bila kukishika. Walikuwa wameshindana miaka mingi wakitukanana kwenye nyimbo na kunywa pamoja baada ya ngoma. Lakini mwaka ule walikuwa hawasemezani.

Bwana Fadhili alianza mada yake ya kasa. Watu walikaa kwa heshima wakimsubiri amalize. Alipofika kwenye nyangumi na kusema kwamba ananyonyesha, mzee mmoja alisimama na fimbo yake, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, bwana mkubwa. Huyo anatoa maziwa kiasi gani kwa siku?"

Bwana Fadhili akapekua karatasi zake. Mwingine akauliza kama anazaa kila mwaka. Mwingine akataka kujua anakamuliwa na nani. Uwanja mzima ukaamka, watu waliokuwa wanafuata kahawa wakarudi. Neema akachukua kipaza sauti akawaambia kwamba maziwa yake kwa siku yanajaza mapipa, na ni mazito kuliko ya ng'ombe yeyote wa Usukuma. Miluzi ikapigwa. Wafugaji wale walimheshimu nyangumi kuanzia dakika hiyo. Neema, akiona wamemtegea sikio, akasema, "Na mama yeyote, wa majini au wa nchi kavu, akivuta moshi wa zebaki, mtoto anayemnyonyesha..." Bwana Fadhili akampokonya kipaza sauti kwa tabasamu na kutangaza burudani.

Ngoma mbili zikaanza, viti vya mradi vikabaki na wageni wa mradi. Mimi na Neema tulikwenda upande wa Mama Kabula. Aliimba vizuri, ila Neema hakuwa anasikiliza. Alikuwa anaangalia mkono wake. Mama Kabula alishika mkia wa nyumbu wa kuongozea ngoma, na mkia ulikuwa unatetemeka hata pale aliposimama kupumzika. Alipopewa maji, nusu yalimwagikia kifuani.

"Mzee Maduhu, huyo mama anafanya kazi gani?" Neema akaniuliza.

Nilimjua. Ana kibanda kizuri kisichoingiza upepo, na wachimbaji humpelekea vidonge vyao awachomee. Jioni ile upande wa Ngasa ulishinda, na Mama Kabula alipita karibu yake akatema mate chini.

Basi bango letu lilisimama kando ya uwanja. Mvua zikaja, zikaisha, na asubuhi moja zikabaki nguzo na misumari. Bwana Fadhili aliandika kwenye taarifa ya robo mwaka kwamba jamii imelipokea bango kwa mikono miwili. Hakukosea.

Siku za kufunga mradi zilipokaribia, alitaka wimbo wa bahari, akatutuma kwa Mama Kabula kumwomba atunge. Tulifika kwake saa za chai. Binti yake Kabula alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi. Alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko, tumbo limefika magotini, anachambua mchele. Sisi tulikaribishwa sebuleni. Niliinua macho nikamwona ng'ombe wangu ukutani, amekatwa vizuri kabisa, ametundikwa kati ya kalenda na picha ya harusi.

"Mama Kabula," nikasema, "huyu ng'ombe nimemwona wapi mimi?"

"Huyo ni wangu, Baba Holo," akanijibu bila kupepesa. "Aliachwa uwanjani ananyeshewa. Ng'ombe mzuri hivyo."

"Na nyangumi?"

"Yule lisamaki? Yuko jikoni, ananikingia upepo."

Akaleta chai yeye mwenyewe. Vikombe viligongana kwenye sinia tangu mlangoni. Akaona tunaangalia, akakaa na kuficha mikono chini ya kanga.

"Ni Ngasa," akasema. "Msijifanye hamjui. Tangu mwaka juzi kanitupia. Kwanza usingizi ulikwenda, halafu mdomoni nikawa na ladha ya chuma, halafu hii mikono. Nina hasira mpaka nampigia kelele huyu mtoto bila sababu. Nimekwenda kwa mganga wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nimechanjwa mpaka hakuna pa kuchanja. Dawa ya Ngasa ni kubwa, haitoki."

"Mama, naomba nione jiko lako," Neema akasema.

Kabula alijivuta pembeni tukapita. Kilikuwa kibanda kidogo, safi, chenye dirisha moja. Jiko la mkaa lilikuwa katikati, na juu yake kikaango anachopikia vitumbua, ndani yake kuna kidonge cha mchimbaji kikiwa kimeshachomwa. Na nyangumi wangu alikuwa ameinamishwa juu ya kikaango, tumbo chini, kama paa. Nilimgeuza tukamtazama kwenye mwanga. Mgongo ulikuwa bado bluu. Lile tumbo nililolipaka jeupe safi lilikuwa limegeuka kijivu, kijivu cha kumetameta, kama lililopitiwa na konokono.

Neema alivaa glovu. Akaokota unyoya wa kuku, akaomba kifuniko cha chupa, akaanza kulifagia tumbo la nyangumi polepole kuelekea kwenye mkunjo wa bati. Kijivu kikawa nukta. Nukta zikakimbiliana, zikaungana, zikawa tone, na tone likaangukia kwenye kifuniko likabingirika, zito, linang'aa kama jicho.

Mama Kabula alilijua tone hilo. Huwa analinunua kwa vichupa.

"Hiyo ni zebaki yangu," akasema.

"Ni yako, mama. Hii ni ile iliyogonga bati baridi ikaganda. Ile ambayo haikugonga bati ilikwenda wapi?"

Mama Kabula akatazama dari. Akatazama masufuria. Kisha akageuka akamtazama Kabula pale mlangoni, na hakumwondolea macho kwa muda mrefu. Niliona uso wake unavyofanya kazi. Mimi nilikuwa nimechora mabango ya hatari maisha yangu yote, mafuvu na mifupa, na sikuwahi kuona mtu akiogopa bango langu mpaka siku ile.

"Kwa hiyo Ngasa hakunifanya kitu," akasema mwishowe.

"Hakukufanya kitu."

"Afadhali angekuwa yeye," akasema. "Ngasa ningemweza."

Neema alimshika ile mikono, akaishika tu, bila somo lolote. Wote wawili walilia kidogo, nami nikatoka nje kuangalia kuku.

Sitawadanganya kwamba mambo yote yalikwisha siku ile. Uchomaji uliondoka jikoni, ukaenda mbali na nyumba, wachomaji wakisimama upande upepo unakotokea, wameupa mgongo. Vyungu vya kufunika, vile vyenye bomba linalourudisha mvuke kuwa zebaki tena, vilikuwepo ghalani kwenye ofisi moja tangu muda mrefu. Vilikuwa vinasubiri mgeni rasmi wa kuvizindua. Neema alikwenda kuchukua kimoja, na alipoulizwa kwa idhini ya nani, alijibu kwa jina la Baba na la Mwana. Kabula alipelekwa Kolandoto kwa shangazi yake, karibu na hospitali, akae huko mpaka ajifungue. Kikaango cha vitumbua kilizikwa. Hilo lilimuuma Mama Kabula kuliko yote, maana kilikuwa hakigandishi vitumbua.

Siku ya kufunga mradi tulirudi uwanja ule ule. Bwana Fadhili alikuwa ameleta mpiga picha wa kalenda na hema la wageni. Ngoma zikaanza pande mbili, Ngasa kule, Mama Kabula huku, jua likielekea kuzama na vumbi limetanda. Mama Kabula akaingia uwanjani amebeba lile bati la nyangumi kifuani, tumbo la kijivu likiwatazama watu. Akanyamazisha ngoma zake mwenyewe. Akaimba bila ngoma, kwa Kisukuma, nami natafsiri ninavyoweza:

Nilimtukana Ngasa bure,
waganga nikawapa mbuzi.
Aliyenishika mikono
nilimpikia mwenyewe jikoni.

Aliimba habari za moshi unaopanda na kushuka na mvua, za maji yanayoondoka Geita na ubaya wetu na kuupeleka kwa mama asiyetujua, anayenyonyesha kwenye maji ya mbali. Alimtaja Kabula kwa jina. Aliwataja waliomletea vidonge, mmoja mmoja, na kuwaambia wasije tena, mlango wake umefungwa. Watu wakaanza kuhama kutoka upande wa Ngasa, kwanza wake za wachimbaji, halafu wote. Ngoma za Ngasa zikabaki zinalia zenyewe. Kisha zikanyamaza, na Ngasa mwenyewe akavuka uwanja, kibuyu kichwani, akaja kusimama upande wa Wagalu. Manju kuvuka uwanja ni kukubali kushindwa mbele ya watu, na wazee waliokuwepo walisema hawajawahi kuliona. Alisimama mbele yake, akavua kibuyu, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, mikono itulie," akamwambia. "Nani tena atanitukana vizuri?"

Mama Kabula alilinyanyua bati juu ili wa nyuma waone. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na bati likatetemeka nayo, likapiga kelele ndogo, na ile bluu ya milango ya shule ikaanza kwenda na kurudi. Nilistaafu bila kuiona bahari. Lakini naamini ile ilikuwa inafanana.

Neema alikuwa amesimama karibu yangu. Bwana Fadhili hakuwepo. Alikuwa hemani anapanga zawadi.

Mtoto wa Kabula alizaliwa salama, wa kiume. Kwenye cheti ana jina la babu yake, lakini kijiji kizima kinamwita Nyangumi, na nimesikia ananyonya kweli kweli. Neema anazunguka vijijini na kile kipande cha bati. Amekataa kunirudishia na amekataa nikipake rangi upya. Mkitaka kuwachorea wachimbaji, mwombeni awaazime. Ng'ombe bado yuko sebuleni kwa Mama Kabula.

Kalenda ya mradi ilitoka na ilisambazwa mpaka kwa wafadhili. Mwezi wa nane ndiye Mama Kabula, bati limeinuliwa, na chini yake pameandikwa: "Mwanamama wa Kanda ya Ziwa akisherehekea uzuri wa bahari." Mpiga picha mwenyewe ndiye aliyeniletea nakala yangu, kijana muungwana, amejawa na aibu.

"Samahani sana, mzee," akaniambia. "Picha nzima iko safi, ila mikono ya mama imetoka na ukungu. Nimejaribu kila njia kuirekebisha, imeshindikana."

Nikamwambia asijilaumu. Hata daktari bado anajaribu.